Mgonjwa wa saratani ya mapafu anakonda akiwa kwenye matibabu: mwongozo kamili wa kumlisha nyumbani

Ujumbe unaonijia mara nyingi zaidi kutoka kwa wanaouguza ni huu: "Mgonjwa wetu anapikiwa kila kitu, lakini kila akipanda mizani kilo zimepungua. Tunakosea wapi?" Nimejibu watu mmoja mmoja hapa Dar es Salaam, kutoka Mbagala hadi Tegeta, na naona wengi wanakwama pale pale nilipokwama mimi nilipomuuguza mjomba wangu. Sahani kubwa mara tatu kwa siku, supu ya maji, juisi ya rangi, na orodha ndefu ya vyakula alivyokatazwa na watu ambao si madaktari.

Sahani yake ya mchana naikumbuka mpaka leo. Wali umejaa, paja la kuku juu, mchicha pembeni. Ikirudi jikoni ina alama tatu za kijiko upande mmoja, na kuku hajaguswa. Kesho yake nampakulia zaidi, nikidhani namtia moyo. Kumbe mtu mwenye kichefuchefu akiona mlima wa chakula anashiba kwa macho. Zilimtoka kilo sita kabla sijalielewa hilo.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa mtu mzima anayeweza kumeza, aliye kwenye tibakemia (zile dripu za saratani), mionzi ya kifua au vidonge. Kama ana kisukari, shida ya figo au ya ini, muoneshe afisa lishe au daktari wake mpango huu kabla ya kuanza, maana vipimo vingine vitabadilika.

## Kabla ya yote: hii si njaa ya kawaida

Mtu mwenye afya akikosa chakula anapungua mafuta kwanza. Mgonjwa wa saratani anapungua misuli pia, kwa sababu ugonjwa wenyewe unaubadilisha mwili: hamu ya kula inazimwa, na nyama ya mwili inavunjwa hata siku anazokula. Wataalamu huita hali hiyo kakeksia. Wagonjwa wa saratani ya mapafu huipata sana, na wengi hufika kwenye matibabu wakiwa wamekwisha kukonda.

Kwa hiyo usimwambie anadeka. Anaposema "siwezi", kweli hawezi kula hicho, kiasi hicho, saa hiyo. Kazi yako ni kubadilisha hivyo vitatu.

Na mtarajie nini? Lengo la kwanza ni kilo zisishuke. Mgonjwa akimaliza matibabu na uzito ule ule alioanza nao, mmefanya kazi kubwa. Anayetunza uzito huvumilia dawa vizuri zaidi, na dozi zake hazikatizwi au kupunguzwa ovyo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Mizani ya kusimama. Kama hamna uwezo wa kununua, tumieni ya duka la dawa la mtaani, lakini iwe hiyo hiyo kila wiki.
- Utepe wa fundi cherehani.
- Daftari na kalamu, vikae karibu na kitanda.
- Kipimajoto.
- Vikombe vidogo, bakuli dogo, na kijiko cha mti au cha plastiki.
- Blenda. Kinu na chujio navyo vinatosha.
- Chupa ya chai na hotpoti ndogo kwa siku za kliniki.
- Chumvi, na magadi ya kuokea (baking soda, si magadi ya kulainishia maharage).
- Chakula: mayai, maziwa ya unga yenye mafuta yake yote, siagi ya karanga, unga wa ulezi au wa mchele, mafuta ya kupikia, nazi, parachichi, ndizi, samaki, dagaa, maharage au choroko.

Hakuna kopo la maelfu ya shilingi kwenye orodha hiyo. Maziwa maalumu ya wagonjwa yanasaidia, na afisa lishe akiwaandikia nunueni. Ila nimeona familia ikiuza simu ili inunue kopo moja linaloisha ndani ya siku nne, huku trei ya mayai ikikaa bila mtu kuigusa.

## Hatua ya 1: Pima, uandike namba ya kuanzia

Mpime asubuhi, akishakojoa, kabla hajala, akiwa na kanga au kaptula tu. Andika tarehe na kilo. Rudia siku hiyo hiyo kila wiki. Usimpime kila siku, maana namba itapanda na kushuka kwa ajili ya maji na kumtia hofu bure.

Kisha muulize alikuwa na kilo ngapi miezi sita iliyopita, upige hesabu hii: toa uzito wa sasa kwenye uzito wa zamani, gawanya kwa uzito wa zamani, zidisha kwa 100. Aliyekuwa na kilo 64 na sasa ana 60.5 amepoteza kilo 3.5, yaani zaidi kidogo ya asilimia 5. Ukivuka asilimia 5 ndani ya miezi sita, mwambie daktari hata kama hajakuuliza. Usiseme tu "amekonda". Taja namba, kwa sababu namba inaandikwa kwenye faili.

Zungusha pia utepe kwenye mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko, uandike sentimita. Sababu ni kwamba mizani inadanganywa na maji. Miguu ikivimba, kilo zinaweza kupanda huku nyama ya mkono inaisha. Ukiona kilo zinapanda na mkono unapungua, usishangilie, nenda kliniki.

## Hatua ya 2: Ondoa kinachomzuia kula

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami nakuomba ukae nayo muda mrefu kuliko nyingine zote. Hakuna mapishi yatakayomfaa mtu mwenye vidonda mdomoni au ambaye hajapata choo siku nne. Muulize moja baada ya nyingine: unasikia kichefuchefu? Mdomo unauma? Unameza vizuri? Umepata choo lini? Unaumwa wapi? Chakula kina ladha gani?

Kichefuchefu. Dawa ya kuzuia kutapika inanywewa kwa saa zilizoandikwa, hata kama asubuhi hiyo anajisikia vizuri. Wengi wanaiweka "mpaka atapike", na akishatapika kidonge hakikai tumboni. Kama dawa aliyopewa haimsaidii, zipo za aina nyingine, kwa hiyo rudi ukaseme. Usipike samaki wa kukaanga wala kitunguu karibu na alipolala. Jiko lihamie nje au mlango ufungwe. Chakula kilichopoa kina harufu ndogo kuliko cha moto, ndiyo maana kiazi kilichopoa au mkate mkavu hupita pale wali wa moto uliposhindikana. Tangawizi kwenye chai nyepesi huwasaidia baadhi. Na chakula anachokipenda kuliko vyote usimpe siku ya dripu, maana akikitapika atakichukia kwa miezi.

Mdomo. Changanya robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea na nusu ya kiasi hicho cha chumvi kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu yaliyochemshwa. Asukutue na kutema, kabla na baada ya kila mlo. Mswaki uwe laini. Ukiona utando mweupe kwenye ulimi au mashavuni, huenda ni fangasi. Anahitaji dawa ya hospitali, asali haitamponya.

Ladha ya chuma. Wengi wanasema nyama inawajia kama msumari mdomoni. Achana na nyama nyekundu kwa muda, mpe mayai, samaki, kuku, choroko. Tumia kijiko cha mti. Kama mdomo hauna vidonda, tone la ndimu au ukwaju kwenye mchuzi linafufua ladha.

Koo na kifua kuwaka wakati wa mionzi. Mionzi ya kifuani hugusa umio, njia ya chakula, kwa kuwa umio unapita katikati ya mapafu. Maumivu ya kumeza kwa kawaida huanza wiki ya pili au ya tatu, na huweza kuendelea wiki kadhaa baada ya mionzi kwisha. Watu wengi wanaishiwa nguvu hapa, wakidhani saratani imehamia kooni. Omba dawa ya maumivu anayoweza kunywa karibu nusu saa kabla ya kula. Ondoa pilipili, ndimu, achari, embe mbichi, soda na chai ya moto. Mpe vya vuguvugu au baridi na laini: mtori uliopoa, viazi vilivyopondwa kwa maziwa, mayai ya kuvuruga, parachichi, uji wa mchele, ndizi mbivu.

Choo kigumu. Morfini huzuia choo karibu kwa kila anayeitumia, na baadhi ya dawa za kuzuia kutapika nazo zinafunga. Tumbo lililojaa kinyesi halina nafasi ya chakula. Aliyeandikiwa morfini aulizie dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo. Papai na maji vinasaidia, ila peke yake mara nyingi havitoshi. Usiache morfini kwa sababu ya choo. Mtu mwenye maumivu hawezi kula.

Pumzi. Kula ni kazi, na mtu anayehema hawezi kutafuna na kuvuta pumzi kwa pamoja. Apumzike nusu saa kabla ya mlo, akae wima na miguu chini, tonge ziwe ndogo, chakula kiwe laini chenye mchuzi. Akichoka katikati ya mlo, funika bakuli, urudi nalo baada ya dakika ishirini.

> Hatari: kupaliwa. Uvimbe wa mapafu unaweza kubana mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Ukisikia sauti imekuwa ya kukwaruza na anapaliwa akinywa maji, simamisha vinywaji vyepesi na uende hospitali. Chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Usimlishe akiwa amelala chali wala akiwa na usingizi wa dawa.

## Hatua ya 3: Ondoa miiko mezani

"Sukari inalisha saratani." Sentensi hii imewakondesha wagonjwa wengi hapa mjini. Kila chembe ya mwili hutumia sukari, ya ubongo na ya moyo pia, na ukimnyima vyakula vya wanga na sukari, mwili unavunja misuli yake kutengeneza sukari ile ile. Anayepaswa kuangalia sukari ni mwenye kisukari, au aliyepandishiwa sukari na dawa za steroidi kama deksamethasoni, zinazotolewa pamoja na tibakemia. Huyo anapangiwa na daktari.

Mayai, maziwa na nyama navyo havikatazwi. Hivyo ndivyo vinavyobeba protini.

Juisi ya bitiruti, rozela na majani ya mlonge si sumu kwa kiasi cha kawaida cha chakula, ila zinajaza tumbo bila kuleta protini ya kutosha wala nguvu. Glasi mbili za juisi asubuhi, mchana atakuambia ameshiba. Mpe uji kwanza. Unga na dawa za asili za chupa ni jambo jingine. Baadhi zinaingiliana na dawa za saratani au kuumiza ini, kwa hiyo peleka hiyo chupa kliniki, uioneshe, uulize.

Vidonge vya saratani vina masharti yake. Vilivyoandikwa erlotinib kwenye boksi hunywewa tumbo likiwa tupu: saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Wanaotumia vidonge vya aina hiyo waepuke balungi. Kwa kila kidonge, muulize mfamasia swali moja: "Na chakula au bila chakula?"

Na kufunga. Mgonjwa ana ruhusa ya dini kutofunga Ramadhani. Wanaofunga kwa maombi pia, mchungaji mwenye busara atakubali wengine wafunge kwa niaba yake. Ongeeni mapema, kabla mwezi haujaandama.

## Hatua ya 4: Tia nguvu kwenye chakula kidogo

Makadirio yanayotumika kwa wagonjwa wa saratani ni kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo. Mwenye kilo 60 anahitaji karibu kilokalori 1,500 hadi 1,800, na protini kati ya gramu 72 na 90. Kwa tumbo linalokubali kikombe kimoja kwa wakati, njia iliyopo ni moja: kila kikombe kibebe zaidi.

Tazama uji. Vijiko vitatu vya mezani vya unga wa ulezi, maji na kijiko cha sukari vinatoa takriban kilokalori 150 na protini gramu 2. Ndio uji unaopikwa majumbani, mwepesi ili "ushuke". Sasa upike hivi:

1. Koroga vijiko 3 vya mezani vya unga wa ulezi kwenye robo kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe.
2. Chemsha maji robo tatu ya kikombe, mimina mchanganyiko huku unakoroga, acha uchemke dakika kumi kwa moto mdogo. Unga mbichi utamletea gesi.
3. Epua. Changanya vijiko 3 vya maziwa ya unga na maji kidogo ya vuguvugu, mimina. Ukiyatia sufuria ikichemka yataganda.
4. Tia vijiko 2 vya mezani vya siagi ya karanga, kijiko 1 cha sukari na kijiko 1 cha chai cha mafuta. Koroga mpaka mafuta yasionekane juu.

Kikombe hicho kina karibu kilokalori 500 na protini gramu 16. Kimefanikiwa kama kijiko kikiinuliwa uji unadondoka taratibu kama asali, hauna chembe, na harufu ya karanga inakuja kabla ya harufu ya ulezi. Ukiwa mzito sana ongeza maziwa, usiongeze maji. Wengi huumaliza kwa mafungu mawili, na hilo halina shida.

Mtori nao una kosa lake. Nyama inachemshwa, mgonjwa anapewa ndizi na maji ya nyama, na nyama yenyewe inaliwa na watoto. Maji ya supu yana chumvi na harufu nzuri, protini yake ni ndogo. Nyama ilainike kabisa, isagwe kwenye blenda pamoja na ndizi, kisha umalizie na tui zito la kwanza, ile nazi ya kamuo la mwanzo kabla hujaongeza maji mengi. Robo kikombe cha tui hilo huongeza zaidi ya kilokalori 100 na tumbo halihisi uzito.

Kwa mapishi mengine kumbuka kwamba kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kilokalori 120, na kinazama kwenye wali, viazi au mboga bila kuonekana. Unga wa dagaa waliooshwa, kukaushwa vizuri na kusagwa unaingia kwenye mchuzi wa nazi au mchicha: vijiko viwili vya mezani ni karibu gramu 8 za protini. Dagaa hawa ndio msaada mkubwa kwa asiyemudu nyama.

Protini nyingine za kupigia hesabu: yai moja gramu 6, glasi ya maziwa 8, samaki au kuku aliyepikwa wa ukubwa wa kiganja bila vidole, 20 hadi 25, nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa 7, konzi ya karanga 7. Uji mmoja wa hapo juu, mayai mawili, kiganja cha samaki, glasi ya maziwa, nusu kikombe cha maharage na konzi ya karanga vinakupa gramu 70 hadi 75.

Tahadhari. Kama kwa siku tano au zaidi karibu hajala kitu, usimjaze ghafla. Chumvi za damu zinaweza kuvurugika na kuhatarisha moyo. Huyo aanzishiwe chakula taratibu chini ya usimamizi wa hospitali.

## Hatua ya 5: Mara sita, kwa saa

Hamu ya kula haiji, kwa hiyo msiisubiri. Fuateni saa kama mnavyofuata saa ya dawa. Nyumbani kwetu ilikuwa hivi: saa 1 asubuhi uji, saa 4 yai na nusu parachichi, saa 7 chakula cha mchana kwenye bakuli dogo, saa 10 mtindi wa kiwandani na ndizi, saa 1 usiku chakula laini, saa 3 usiku glasi ya maziwa ya moto. Asubuhi ndiyo saa yake nzuri, basi kile kizito kipeleke asubuhi. Hakuna sheria inayosema samaki ni wa mchana.

Pakua nusu ya unachotamani ale. Akimaliza, anajisikia ameshinda, na mara nyingine ataomba nyongeza. Mjomba alianza kula siku nilipomwambia, "Mjomba, leo vijiko vitano tu, mimi nahesabu." Alikula tisa.

Maji anywe katikati ya milo. Akinywa pamoja na chakula tumbo linajaa upesi. Kama dripu yake ina sisplatini, ulizeni anywe kiasi gani kwa siku, kwa sababu dawa hiyo inaumiza figo zisipopata maji.

Kisha soma kalenda ya dripu. Tibakemia nyingi za mapafu hutolewa kila baada ya siku 21. Siku za kwanza tatu au nne ni za kichefuchefu. Hapo lengo ni vinywaji na vijiko vichache, msigombane. Kati ya siku ya 7 na ya 14 kinga hushuka. Wiki ya tatu ndiyo hamu inarudi kwa wengi, na hiyo ni wiki ya kurudisha kilo. Nunueni samaki wazuri soko la Feri wiki hiyo, msinunue wiki ya dripu.

## Hatua ya 6: Kikapu cha kliniki

Hapa kilo zinapotea bila mtu kuona. Mgonjwa anaondoka Gongo la Mboto au Kigamboni alfajiri, anapanda daladala mbili au anasubiri pantoni, anafika Taasisi ya Saratani Ocean Road, anakaa foleni, anapata mionzi, anarudi jioni. Katikati amekunywa soda moja. Mionzi ikiwa siku tano kwa wiki kwa wiki sita, ni siku thelathini za njaa.

Beba uji mzito kwenye chupa ya chai, mayai mawili ya kuchemsha yenye maganda yake, ndizi mbili, karanga, na chupa ya maji. Kama ana kipimo cha damu kinachotaka asile, kifanyike kwanza, kisha ale pale pale. Kurudi na chupa tupu ndiyo alama ya kufaulu siku hiyo.

## Hatua ya 7: Chakula kisimuumize

Kinga ikishuka, kuhara kwa kawaida kunaweza kumlaza wodini. Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu, yapoe yakiwa yamefunikwa. Hakuna yai bichi, maziwa yasiyochemshwa, mishkaki yenye damu, kachumbari ya kibandani wala juisi ya barabarani yenye barafu. Matunda yaoshwe na kumenywa nyumbani.

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwa joto la Dar la Januari hadi Machi nawaambia watu saa moja. Umeme ukikatika au LUKU ikiisha usiku, kilicholala kwenye friji yenye joto tupa. Kiporo kichemke mpaka kitoe mapovu.

Karanga na unga wenye ukungu, uliopauka au mchungu, mwaga. Sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

## Hatua ya 8: Asimame

Protini bila mazoezi haijengi misuli vizuri. Kama daktari hajamkataza, asimame na kukaa kwenye kiti mara tano, apumzike, arudie mchana na jioni. Atembee mpaka getini. Akihema kiasi cha kushindwa kusema sentensi nzima, akae.

## Hatua ya 9: Soma daftari, ujue lini ukimbilie hospitali

Kila Jumapili jioni tazama kilo, mkono, idadi ya milo na choo. Kilo ikisimama wiki mbili, endeleeni hivyo hivyo. Ikishuka nusu kilo hadi moja, rudi hatua ya 2 kabla hujabadilisha mapishi, kwa sababu mara nyingi kuna kizuizi kipya. Ikishuka kilo mbili ndani ya wiki moja, usisubiri tarehe ya kliniki.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo akiwa na:

- Joto la 38 au zaidi akiwa kwenye tibakemia, hata usiku wa manane. Usimpe panadoli na kusubiri asubuhi.
- Kushindwa kunywa kwa saa 24, au kutapika kila anachomeza.
- Kuhara kusikokoma. Njiani aendelee kunywa ORS, ile chumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini.
- Damu kwenye kikohozi, matapishi au choo.
- Pumzi kuzidi kubana, uso au shingo kuvimba.
- Kutopata choo siku tatu pamoja na tumbo kujaa na kutapika.

Chakula cha mdomo kisipotosha, ulizeni kuhusu mpira wa kulishia wa puani. Familia nyingi zinauogopa wakidhani ni dalili ya mwisho. Kwa mgonjwa ambaye koo limeungua kwa mionzi, mara nyingi ni daraja la wiki chache tu, kisha unatolewa.

## Ugonjwa ukizidi nguvu

Kuna wakati madaktari watawaambia matibabu ya kuondoa saratani yamesimama. Hapo weka daftari pembeni na mizani chini ya kitanda. Mwili unaokaribia mwisho hautumii tena chakula, na kumlisha kwa nguvu kunamletea kutapika, kupaliwa na maumivu. Kukataa kwake kula wakati huo ni ugonjwa unaosema, si kwamba hamjampikia vizuri. Waelezeni na mashangazi wanaofika na hotpoti kutoka mbali.

Kinachobaki ni mdomo. Kila saa mbili mlainishie midomo kwa kitambaa safi kilicholowa maji, mpake mafuta ya mgando mepesi. Kama anameza salama, kijiko cha chai cha maji ya dafu, akiwa ameinuliwa kichwa. Kama hamezi, chovya kitambaa kwenye kinywaji alichokipenda, ukamue, umpitishie mdomoni. Mjomba alikuwa mtu wa chai ya tangawizi.